Upepo Ukichafuka, Baki Baharini

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia kwa furaha kubwa. Alikuwa kwenye boti yake ya matanga, upepo ukamzidi, bahari ikachafuka, naye akakimbilia bandarini usiku huo huo, tanga lote likiwa juu, akapita langoni kama mshale. Sasa anauliza anunue tanga gani ili safari ijayo aingie kwa kasi zaidi. Nimemjibu faraghani kwa adabu. Hapa nitajibu bila adabu sana, maana najua nyote mnataka kile anachokitaka yeye: kwenda mbali kwa chombo kidogo, bila kurudi nyumbani kila wingu linapotanda.

Ndugu yangu, tanga la namna hiyo halipo. Boti ya meta tisa haikimbii dhoruba. Mwendo wake wa mwisho ni noti sita au saba hivi, yaani maili sita au saba za baharini kwa saa, kwa kuwa urefu wa chombo ndio unaoweka mpaka wa mwendo. Ukifika hapo ukaongeza tanga, unachoongeza ni mzigo juu ya mlingoti na ugumu wa usukani. Na hata hivyo, nani amekwambia ukimbilie nchi kavu?

Nitawasimulia usiku wangu mmoja, kwa sababu shemeji yangu ameusimulia kwa watu wengi na kila mara mimi ndiye mwoga wa hadithi.

Tulikuwa watatu: mimi, shemeji na binti yangu mkubwa. Mchana kutwa upepo ulitoka nyuma, na kila mtu alijiona baharia hodari. Upepo wa nyuma hudanganya. Ukivuma noti 25 nawe unakwenda nao kwa noti sita, utahisi 19 tu mgongoni. Shati halipepei, kikombe hakipinduki. Sasa geuza omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, uende kwa kubisha, yaani kuukabili upepo, mwendo wa noti tano: utahisi karibu 29. Na nguvu ya upepo haipandi sawasawa na kasi yake. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kwa hiyo kutoka 19 hadi 29, tanga lile lile linapigwa kwa nguvu iliyozidi mara mbili, na kilichobadilika ni uelekeo wako tu.

Basi alasiri, jua likiwaka, nikasema tupunguze tanga. Utabiri ulishasema upepo utapanda jioni, na baromita, kipimo cha kanieneo ya hewa, ilikuwa inashuka. Shemeji akacheka. "Shemeji, upepo huu wa kuanikia nguo ndio unakukunjisha tanga?" Sikumjibu. Nikakunja mkunjo wa kwanza, baadaye wa pili, binti akiwa kwenye henza, kamba ya kupandishia na kushushia tanga, mimi mlingotini. Ilikuwa kazi ya dakika chache na hakuna aliyelowa. Anayesubiri hadi maji yapande sitahani ataifanya kazi hiyo hiyo gizani, kwa mikono iliyokufa ganzi, tanga likimpiga usoni. Punguza tanga mapema. Nitalirudia hili hadi mchoke.

Jua lilipozama tuliziona taa za bandari, maili nane hivi mbele yetu. Upepo ulikuwa umefika noti 30 na bado unapanda, nao ulivuma moja kwa moja kuelekea langoni. Maji yalikuwa yanakupwa. Mwenye kujua bahari ameshaelewa: mkondo unatoka, upepo unaingia, na vikikutana mawimbi hufupika, husimama wima, kisha huvunjika. Huko nje mawimbi yalikuwa makubwa kuliko ya langoni, lakini yalikuwa marefu, boti inapanda na kushuka. Wimbi la hatari ni lile linalovunjika. Likikukuta ubavu, hata likiwa na kimo cha theluthi tu ya urefu wa boti, linaweza kukupindua. Kwa boti yetu hiyo ni meta tatu.

Nikasema, "Tunageuka. Tunarudi nje."

Sijawahi kusemwa vile na mtu wa nyumbani kwangu. Taa zile pale! Watu wanalala pale! Unataka kumuua mtoto wako! Mtoto mwenyewe, ambaye ni mtu mzima, alikuwa ameshashika demani, kamba ya kukazia tanga, anasubiri amri.

Nikapiga hesabu kwa sauti ili wote wasikie. Boti iliyosimamishwa kwa matanga yake hupeperushwa polepole. Nilikadiria noti moja na nusu. Saa kumi za giza ni maili 15. Tulikuwa na nane tu. Kwa hiyo kusimama pale pale kungetupeleka kwenye miamba kabla ya alfajiri, na ilitubidi tubishe kwanza, saa kadhaa, mkunjo wa tatu juu na kipande kidogo cha tanga la mbele, hadi tuwe na maili 20 za kupoteza. Zile saa sizielezi sana. Zilikuwa baridi, maji na matapishi. (Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kutoka bandarini, ukishaanza kutapika unaitupia samaki.) Kila mtu alikuwa na jaketi okozi na amejifunga kwa mkanda kwenye kamba zilizolazwa kutoka omo hadi tezi, yaani nyuma ya boti. Hakuna aliyejifungua, hata kwenda kukojoa.

Kisha tukaisimamisha. Tunageuza omo ipite kwenye upepo bila kuifungua demani ya tanga la mbele, ili tanga hilo libaki limevutwa upande usio wake na kupigwa upepo kwa mgongo. Tanga kuu linakazwa. Mkono wa usukani unasukumwa upande upepo unakoelekea na kufungwa hapo. Tanga la mbele linataka kuisukuma omo itoke kwenye upepo, usukani na tanga kuu vinataka kuirudisha, na katika ugomvi huo boti inatulia, omo ikiukabili upepo kwa pembe, inapeperuka taratibu. Ubavuni, upande upepo unakotoka, inaacha ukanda wa maji yaliyovurugika na kulainika, na mawimbi mengi huvunjika kabla ya kukufikia au hupoteza makali. Ghafla unaweza kuongea bila kupiga kelele. Binti akasema, "Kumbe ni hivi tu?" Nilivimba kichwa, sikatai.

Shemeji hakuona ajabu hiyo. Alikuwa chini, na saa nane usiku akapanda akitaka tufungue boti ya mpira ya kujiokolea na kuihama yetu. Hapo nilikuwa mkali. Mwaka 1979, kwenye mashindano ya boti za matanga yaitwayo Fastnet, boti 303 ziliondoka Uingereza na dhoruba ikazikuta njiani. Mabaharia 15 wa mashindano walikufa. Boti 24 zilitelekezwa, na kati ya hizo 19 zilikuja kupatikana bado zinaelea, huku baadhi ya waliokufa wakiwa ni watu waliozihama. Mtu hahami chombo kinachoelea. Nikamwambia hivyo, nikafunga mlango wa chumba kwa mbao zake zote, nikarudi zamu. Zamu lazima iwepo hata boti ikiwa imesimama: meli inayokwenda noti 20 hula maili tano kwa robo saa, na taa yako ndogo haimwambii kitu nahodha aliye juu kule.

Asubuhi upepo ulipungua, bahari ikabaki nzito. Hata hapo hatukuingia mara moja. Tulisubiri maji yaanze kujaa ili mkondo uende upande mmoja na upepo. Tukapita langoni bila tone la maji sitahani. Shemeji aliruka gatini kabla sijafunga kamba ya pili, na tangu siku hiyo anawaambia watu kuwa nilimlaza nje ya mlango wa bandari kwa sababu niliogopa kuingia. Watu hucheka. Inaniuma, na itaendelea kuniuma, kwa sababu yupo hai wa kuisimulia.

Sasa nyinyi. Mnapenda kusifiwa kwa kufika. Mtu akiingia na tanga lililochanika mnampiga picha. Aliyekaa nje usiku kucha kwa utulivu hamna habari naye. Mnaponiambia "bahati ilinisaidia" mnajivuna, kana kwamba bahati ni chombo cha kuongozea. Wengine mnaniletea ile methali ya chombo cha kuzama hakina usukani. Kina usukani! Ni nyinyi mliochelewa kuufunga. Na kabla ya kung'oa nanga semeni wazi neno la mwisho ni la nani, maana manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hakuna saa mbaya ya kupiga kura kama saa ya kugeuka.

Na mpunguze tanga mapema, nimesema.

Kusimamisha boti msijifunzie dhorubani. Tokeni siku ya upepo wa noti 15, mahali penye nafasi, mjaribu mara nyingi hadi mjue usukani ufungwe wapi na tanga la mbele libaki kubwa kiasi gani. Kila boti ina tabia yake. Zile zenye mkuku (uti wa chini ya boti) mrefu wa kizamani hutulia zenyewe. Zenye mkuku mwembamba hupenda kuyumba na kutaka kwenda mbele, na nyingine hutulia vizuri zaidi tanga la mbele likiondolewa kabisa. Ikigoma kwa kila njia, hapo ndipo tuzungumzie nanga ya kuelea, ile inayoburutwa majini bila kugusa chini ili kuishika boti.