Uliza Fundi: Prado ya Terrat na matairi ya inchi 33

*Shikamoo fundi. Nina Prado 120 ya dizeli, naenda nayo shambani Terrat, Simanjiro, ninakolima maharage. Masika yaliyopita nilikwama kwenye udongo mweusi mpaka nikavutwa na trekta. Muuza matairi mmoja hapa mjini ananishauri nitoe 265/65R17 zilizokuja na gari nifunge 285/70R17, yeye anaziita 33, pamoja na rimu za Nissan Patrol zinazochomoza nje. Anasema zinaingia bila kugusa kitu. Mume wangu anasema tuanze na spring ndefu. Nimsikilize nani?*
*Mama Neema, Njiro, Arusha*

Marahaba, Mama Neema. Kwa gari lako na njia unayopita, mimi ningefunga 265/70R17 na kubaki na rimu za kiwandani. Nakueleza sababu, maana matairi manne ni hela nyingi, na kwako wewe ni matano. Hilo la tano nitalifikia.

Tupige hesabu kwanza. Namba ya mwanzo ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Tairi ulilo nalo, toka chini hadi juu, lina sentimita 77.6. Hilo ninalokushauri lina 80.3, na la muuzaji wako 83.1. Gari linanyanyuka kwa nusu tu ya tofauti, kwa hiyo 33 zake zinakuongezea sentimita 2.7 chini ya difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli), na zangu 1.3. Ndicho kimo unachokinunua, hakuna kingine. Spring ndefu zinanyanyua bodi na chesisi, jambo zuri, lakini difu ya nyuma imekaa kwenye ekseli na itabaki palepale ilipo. Mwambie baba Neema hajakosea, ila spring peke yake haikutoi kwenye mfereji uliochimbwa na trekta.

Sasa huo udongo wa Terrat, maana ndio ulioniletea barua yako. Udongo mweusi ukilowa hauishii kuteleza, unapanda. Unashika kwenye meno ya tairi, meno yanajaa, tairi linabaki duara la matope. Unaendelea kupanda mpaka juu ndani ya madigadi, na hapo ndipo gari linapokufa. Masika moja waliniletea gari lililovutwa toka upande huohuo, limefungwa matairi makubwa bila kuongezwa nafasi yoyote. Nilichimba kwa tindo kati ya tairi na bampa. Udongo ulikuwa umekauka, una nyasi na mabua ndani, umeng'oa klipu zote za plastiki ya madigadi, na ukingo wa tairi umeliwa na bati mpaka nyuzi zinaonekana. Dereva alisema magurudumu ya mbele yaligoma kuzunguka kabisa. Tairi kubwa linakula nafasi ileile ambayo udongo unahitaji kupita, na kwa shamba la maharage Simanjiro nafasi hiyo ina thamani kuliko sentimita moja ya ziada chini ya difu.

Kuhusu "zinaingia bila kugusa": kwenye Prado 120 ambayo haijanyanyuliwa, 285/70R17 inagusa, tena mara nyingi ni kwa nyuma ya tairi la mbele, pale bodi inapofungwa kwenye chesisi, na kwenye ukingo wa bampa. Muuzaji akifunga gari likiwa limesimama kwenye sakafu, stelingi imenyooka, hakuna utakachoona. Mwambie afunge moja tu la mbele. Paka chaki kwenye mabega ya tairi, pandisha gurudumu hilo kwenye jiwe au rampu ili spring ikandamizwe, kisha kata stelingi mpaka mwisho kushoto na kulia, mbele na nyuma. Chungulia ndani kwa tochi. Chaki itakuonyesha penye kugusa. Angalia na mpira wa breki, usiwe unavutwa wala kusuguliwa. Akikataa kukufanyia hivyo kabla ya kupokea hela, ondoka.

Rimu za Patrol ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko yote. Ni kweli zina matundu sita na nafasi ni ileile ya Prado, milimita 139.7, ndiyo maana zinaingia. Lakini tundu la katikati la Patrol ni milimita 110, na habu ya Prado, yaani kitovu kinachobeba gurudumu, imetengenezwa kwa 106. Rimu yako ya kiwandani inakaa juu ya habu, ya Patrol itaning'inia kwenye bolti tu. Unaweza kusikia stelingi inatetemeka ukifika 80, utapeleka gari kwenye balansi wee, haliponi. Zipo ringi za kuziba pengo hilo, lakini hajakutajia. Halafu nati. Rimu za aloi za Toyota zinafungwa kwa nati zenye washa bapa, rimu nyingi za chuma zinataka nati zenye koni. Ukichanganya, nati inashika kwa ukingo tu na kulegea njiani, nawe umebeba vibarua nyuma. Rimu yoyote utakayofunga, simama baada ya kilomita hamsini hivi uzikaze upya.

Na huko kuchomoza nje kunakopendwa na vijana: kadiri gurudumu linavyosogea nje, ndivyo linavyozidi kuzibana beringi na boljointi, na ndivyo linavyochora duara kubwa zaidi ukikata kona, yaani linagusa zaidi. Gari la shamba halihitaji hilo.

Kingine ni nguvu. Tairi kubwa kwa asilimia 7 ni sawa na kuirefusha kila gia kwa kiasi hicho. Terrat ni tambarare, hutasikia sana. Lakini siku ukipandisha Mto wa Mbu kwenda Karatu na mzigo, utasikia, na kama injini yako ni 1KZ, moja ya injini za dizeli za Prado, naomba uiangalie sana temperecha, kwa sababu hizo zikichemka silinda hedi inapasuka. Breki nazo zinabeba kazi zaidi, kwa hiyo gari linachelewa kusimama. Dashibodi ikisema 80, wewe uko karibu 86. Kwa 265/70R17 tofauti ni asilimia 3 hivi, hutababaika nayo.

Tairi la tano. Prado yako inaendesha magurudumu yote manne muda wote, na katikati kuna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukipata pancha ukafunga spea ndogo, difu hiyo inafanya kazi bila kupumzika mpaka ufike nyumbani. Spea iwe saizi moja na mengine. Na usomapo ubavuni, tafuta namba nne za mwisho za DOT: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba yenye meno mazuri lakini mpira umezeeka nimeyaona mengi hapa Arusha.

Hela utakayookoa kwenye rimu nunua kikompresa kizuri na kipimo cha upepo. Kwenye tope zito shusha upepo mpaka psi 20 hivi, nenda taratibu, na ujaze kabla ya kushika lami. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha Simanjiro, subiri jua lipige. Hata 33 zingekwama.

*Habari za kazi, mzee. Mimi ni dereva wa watalii. Land Cruiser yetu ina 7.50R16 na rimu za ringi, zile za vipande ambazo tairi linashikiliwa na ringi ya chuma. Bosi anataka 265/70R16 ili gari lionekane kubwa. Vipi?*
*Dereva, Majengo, Moshi*

Litapungua, kijana wangu. 7.50R16 ina kimo cha sentimita 80 na ushee, 265/70R16 ina 77.7. Mtapata upana na kupoteza kimo. Akitaka kuachana na tyubu bila kushusha gari, mwambie 235/85R16, ambayo ni sentimita 80.6, kwenye rimu ya tyubulesi yenye upana unaoifaa, si kwenye hizo za ringi. Mkibaki na za ringi nawaelewa, porini zinafunguka kwa vyuma viwili. Ila toa upepo wote kabla ya kuigusa ringi, na wakati wa kujaza ilaze chini ya chesisi, uso wa ringi ukiangalia ardhini, wewe ukae mbali ukiwa umeshika mpira wako wa upepo.