Nisome afya ya jamii au epidemiolojia?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi mwenye shahada, niko hospitali ya wilaya huku Kondoa, mwaka wa sita kazini. Nataka kusoma shahada ya uzamili. Wenzangu wanasema nichukue afya ya jamii kwa kuwa ina milango mingi. Mganga mkuu wa wilaya ananihimiza niombe FELTP, yale mafunzo ya epidemiolojia ya uwandani na maabara, kule Muhimbili. Nina mtoto wa miaka miwili na mume wangu ana wasiwasi na safari. Nichague ipi?
Muuguzi wa Kondoa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilipoona jina Kondoa niliisoma barua yako mara ya pili. Katikati ya 2016, mkoani kwenu Dodoma na Manyara, watu walianza kuletwa hospitali macho ya manjano, matumbo yamejaa, wanatapika. Waliougua walifika 68, na 20 kati yao walifariki, wakiwemo watoto. Wodini lilionekana ini limeharibika. Chanzo chenyewe kilikuwa ghalani, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi. Kutafuta chanzo cha ugonjwa namna hiyo ndiyo kazi ya epidemiolojia: ni kumfuata mgonjwa hadi nyumbani kwake, halafu kubisha hodi kwa jirani ambaye hakuugua na kumuuliza maswali yale yale: mahindi mmetoa wapi, mmeyahifadhi vipi, yalipata unyevu? Huyo jirani mzima ni muhimu sawa na mgonjwa, maana ukiwalinganisha ndipo unaona tofauti, na anayeanza kazi hii humsahau.

Afya ya jamii ni kozi pana: sera, uongozi wa huduma, lishe, takwimu, na epidemiolojia ikiwa somo mojawapo. Ukitaka kuongoza idara au kupanga miradi, itakufaa sana. FELTP, iliyoanza kwetu 2008, ni miaka miwili ya epidemiolojia na maabara, na darasani unakaa takriban robo tu ya muda wote. Uliobaki uko kazini, unachambua takwimu za ufuatiliaji wa magonjwa, na mlipuko ukitokea unaondoka na timu. Kenya walianza yao 2004, mwaka ule ule sumukuvu ilipoua watu 125 mashariki mwa nchi yao.

Mimi nilipita njia hii ya pili. Wiki zangu za mwanzo nilipelekwa kwenye kipindupindu, kijiji cha kando ya ziwa. Nikaandika kwenye ripoti: kitongoji cha juu wagonjwa 9, cha ziwani 5. Dawa ya kutibu maji ikaenda juu. Msimamizi wangu aliponipigia aliuliza jambo moja tu: “Tisa kati ya watu wangapi?” Sikuwa na jibu. Kesho yake nikazunguka na mwenyekiti wa kitongoji, tunahesabu watu nyumba kwa nyumba, tunaweka alama ya chaki mlangoni. Juu kulikuwa na watu 600. Ziwani walikuwa 70. Nilikaa chini pale pale kwenye mtumbwi uliopinduliwa, nikapiga hesabu upya mara tatu, kisha nikaomba dawa ihamishiwe ziwani siku hiyo hiyo. Mpaka leo, nikiona idadi ya wagonjwa bila idadi ya wakazi, siwezi kuendelea kusoma.

Kwa hiyo ushauri wangu ni epidemiolojia. Lakini mumeo ana haki ya kuwa na wasiwasi: kuna siku utaitwa asubuhi na jioni uko njiani. Mimi mtoto wangu alilelewa na mama yangu miaka hiyo, na tulikubaliana kabla sijajaza fomu. Kaeni mzungumze sasa, na ruhusa ya mwajiri iombe mapema, kwa maandishi.

Kama bado mna mashaka, anza na kozi fupi ya epidemiolojia ya miezi mitatu ya watumishi walio kazini. Unahudhuria darasa siku chache, unarudi kituoni, unafanyia mazoezi takwimu za wilaya yako mwenyewe. Muulize mganga mkuu wako, anaijua.

Na wiki hii fungua vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za kituo, vya wagonjwa wa nje. Hesabu watoto chini ya miaka mitano walioharisha mwaka jana, wiki kwa wiki, uchore grafu kwa mkono kwenye karatasi ya mraba. Utakuta wiki moja imepanda. Tafuta wale watoto walitoka vijiji gani na huko wanachota maji wapi, halafu uniandikie tena.