Maswali yenu kuhusu Studebaker

Mwezi uliopita niliandika aya mbili tu kuhusu Studebaker, gari la Marekani lililokoma kutengenezwa mwaka 1966, na barua zenu hazijakoma tangu siku hiyo. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Ninaishi kaskazini mwa Indiana, karibu na South Bend, mji ulioyazaa magari haya, na sehemu kubwa ya ufundi wangu wa magari ya zamani nimeupata kwa kuinamia injini zake. Leo nawajibu wachache.

*“Nilipokuwa kijana niliona picha ya gari lenye pua kama ya ndege, nikaambiwa ni Studebaker. Kampuni hiyo ilitoka wapi? Na jina linatamkwaje?” – Mzee wa Arusha*

Shikamoo mzee wangu. Tamka Stu-de-bei-ka, hutakosea. Pua uliyoiona ni ya matoleo ya 1950 na 1951. Katikati ya uso wa gari waliweka chuma cha mviringo kilichochongoka kama kichwa cha risasi, taa zikabaki pembeni. Wapo waliolicheka, lakini lilinunuliwa. Matoleo ya 1950 yalipita magari 300,000, na kampuni haikuifikia tena idadi hiyo.

Asili yake ni uhunzi. Mwaka 1852 ndugu wawili, Henry na Clement Studebaker, walifungua karakana South Bend kwa mtaji wa dola 68, wakipiga viatu vya farasi na kutengeneza magari ya kukokotwa. Mdogo wao John Mohler alikwenda California kwenye dhahabu. Huko Placerville hakuchimba; alikaa akiwatengenezea wachimbaji matoroli. Wengi wa waliochimba walirudi makwao mikono mitupu, lakini yeye alirudi mwaka 1858 na dola 8,000, akanunua sehemu ya Henry. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, jeshi la Kaskazini lilihitaji magari ya farasi kwa wingi, na mwisho wa karne ile familia hii ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa magari ya farasi duniani. Kampuni nyingi za magari za Marekani zilizaliwa na injini. Hii ilikuwa na nusu karne ya kazi kabla injini haijafika.

*“Rafiki yangu anadai gari lao la kwanza lilikuwa la umeme. Kuna ukweli?” – Kijana wa Dodoma*

Upo. Mwaka 1902 walianza na magari ya umeme, la petroli likafuata mwaka 1904, na kufikia 1912 wakaachana na umeme. La kushangaza zaidi ni kwamba magari ya farasi waliendelea kuyaunda hadi 1920.

*“Kama magari yalikuwa mazuri, kwa nini kampuni ilikufa?” – Msomaji wa Nairobi*

Ndugu yangu, hapa umenigusa penyewe. Ukimsikia mtu anasema Studebaker ilikufa kwa ubovu wa magari yake, mwambie atazame tena. Ilikufa mara mbili, na mara zote mbili kilichoiangusha kilianzia kwenye vitabu vya hesabu.

Mara ya kwanza ni 1933. Rais wa kampuni, Albert Erskine, aliendelea kuwagawia wenye hisa gawio nono wakati Mdororo Mkuu wa uchumi umekwisha kuibana nchi. Akiba ikaliwa. Machi mwaka huo kampuni ikakabidhiwa wasimamizi wa mahakama, na Julai Erskine akajiua. Walioinyanyua ni Paul Hoffman na Harold Vance, na kufikia 1935 ilikuwa imesimama tena. Mwaka 1939 wakatoa Champion, gari jepesi la silinda sita lililokula mafuta kidogo, na watu wa kipato cha kati wakalipenda. Hoffman huyu ndiye aliyekuja kusimamia Mpango wa Marshall wa kuijenga upya Ulaya, kisha akawa mkuu wa kwanza wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa ambalo magari yake meupe wengi wenu mmeyaona yakipita barabarani kwenu.

Mara ya pili ilikuja polepole, kama maradhi ya mtu mzima. Majengo ya South Bend yalikuwa ya kizamani, ya ghorofa. Mishahara ilikuwa juu kuliko ya washindani, maana viongozi waliogopa migomo. Halafu likaja gari la 1953. Robert Bourke, aliyekuwa katika ofisi ya mbunifu Raymond Loewy, alichora gari la milango miwili, la chini, refu, lisilo na mapambo ya ovyo, na mimi bado sijaona gari la Marekani la miaka ile linaloupita uzuri wake. Lakini kiwandani walijiandaa kuunda zaidi yale ya milango minne. Wateja wakaja wakitaka la milango miwili, na halikuwepo la kutosha. Tena chasi yake ilikuwa laini mno. Injini ikishakaa, chasi ilijikunja kidogo, na vyuma vya mbele vya bodi vikakataa kukutana. Siku zikapotea wakirekebisha. Wakati huohuo Ford na General Motors walikuwa wakipigana vita vya bei, na mdogo aliye katikati ndiye aliyeumia.

Mwaka 1954 Packard, kampuni nyingine ya magari ya Marekani, ikainunua Studebaker, na baada ya kukagua hesabu ikagundua kwamba ingelazimu kuuza magari yapatayo 282,000 kwa mwaka ili kukwepa hasara. Mwaka huo hayakufika hata 100,000. Lark, gari dogo la 1959, lilileta faida na pumzi, lakini mwaka uliofuata wakubwa nao wakaingia na madogo yao: Falcon, Corvair, Valiant. Desemba 1963 kiwanda cha South Bend kikafungwa. Kile cha Hamilton, Kanada, kiliendelea hadi Machi 1966.

*“Wafanyakazi je? Walilipwa?” – Dada wa Mombasa*

Asante dada yangu kwa kuuliza hili. Wapenzi wengi wa magari ya zamani hawaliulizi.

Taarifa ya kufunga ilitolewa tarehe 9 Desemba 1963, na kabla ya Krismasi magari ya South Bend yalikuwa yamekwisha. Kulikuwa na mfuko wa pensheni uliopatikana kwa mapatano na chama cha wafanyakazi, UAW, lakini fedha zilizokuwemo hazikutosha ahadi zilizotolewa. Wastaafu pamoja na waliofika umri wa miaka 60, kama watu 3,600, walilipwa pensheni yao kamili. Wenye miaka 40 hadi 59 waliokuwa wametumikia angalau miaka 10, kama watu 4,000, walipata takriban senti 15 kwa kila dola waliyostahili. Waliobaki, karibu 2,900, hawakupata chochote. Fikiria mtu wa miaka 58 aliyeingia pale kijana, akifuata nyayo za baba yake, anakabidhiwa senti 15.

Kisa hicho kilitajwa tena na tena katika Bunge la Marekani kwa miaka kumi, hadi sheria ya kulinda mafao ya uzeeni, ERISA, iliposainiwa na Rais Gerald Ford tarehe 2 Septemba 1974, siku ya wafanyakazi ya Marekani. Sheria hiyo ilianzisha pia bima ya serikali ya pensheni. Hapa Indiana nimefanya kazi na wazee wanaoipokea pensheni yao bila wasiwasi, na mara nyingi huwaza kwamba mafundi wa South Bend ndio waliowalipia.

*“Niko Columbus, Ohio. Nimeonyeshwa Lark ya 1962 na Avanti ya 1963. Wenye nayo wanasemaje, na nichukue ipi?” – Kaka wa Ohio*

Kaka, kama ndiyo mara yako ya kwanza kumiliki gari la zamani, chukua Lark. Nitakueleza sababu, lakini kwanza tuizungumze kutu, kwa kuwa uko Ohio na chumvi ya barabarani unaijua.

Kwa Studebaker za chuma, wenye nazo wote watakupeleka mahali pamoja: madigadi za mbele. Matope hunasa kwa ndani, hukaa na unyevu, na chuma huliwa kutoka ndani kuja nje. Ukiona rangi imevimba kama lengelenge, ujue nyuma yake ni tundu. Kisha inua zulia utazame sakafu. Chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa, uipitishe kwenye bodi. Isiposhika, hapo kuna lipu, si chuma.

Injini sasa. Lark ya 1962 inaweza kuwa na silinda sita au nane. Ile ya silinda sita yenye vali za juu, iliyoanza 1961, inajulikana kwa silinda hedi kupata ufa. Washa injini ikiwa ya baridi, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, utazame maji. Ikitoa mapovu yasiyoisha, shusha bei au ondoka. Ile ya silinda nane, V8, ni nzito na hudondosha oili sakafuni, lakini sikumbuki kukutana na mwenye nayo aliyeijutia. Hubeba umri vizuri mno.

Avanti ni habari nyingine. Loewy na vijana wake watatu waliichora Palm Springs kwa wiki chache tu mwaka 1961. Bodi ni ya faibaglasi, breki za mbele ni za diski wakati magari karibu yote ya Marekani yalikuwa na ngoma, na ukitaka uliweza kupewa supachaja, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Zilitengenezwa 4,643 tu, ndiyo maana bei yake iko pale ilipo. Wanunuzi wengi hudanganyika kwa neno faibaglasi. Bodi haishiki kutu, sawa, lakini chini yake, pembeni kwa urefu wa gari, kuna mihimili ya chuma inayoishikilia, nayo huoza bila kuonekana. Lala chini, na bisibisi mkononi, uichokonoe. Malalamiko mengine ni kuchemsha: Avanti haina grili usoni, hewa huingilia chini ya bampa, kwa hiyo rejeta ikichoka kidogo tu, sindano ya joto inapanda kwenye foleni. Spea za breki zake nazo ni ghali kuliko za Lark.

Spea kwa jumla zisikutishe. Kiwanda kilipofungwa, akiba kubwa ya vipuri ilibaki na kuuzwa, na hadi leo hupatikana vipya ambavyo havijawahi kufungwa kwenye gari. Chama cha wamiliki, Studebaker Drivers Club, kipo tangu 1962. Jiunge kabla hujanunua, wanachama watakwenda kulikagua gari pamoja nawe. Na mtu akikushawishi uchukue Wagonaire, ile ya paa la nyuma linalosogezwa wazi, mwombe alimwagie maji kwanza ukiwa umekaa ndani.

*“Shangazi, uliwahi kutaja kifaa cha Hill Holder. Kinafanyaje kazi?” – Mwanafunzi wa ufundi, Mwanza*

Mwanangu, hiki nakipenda. Studebaker ilianza kukiweka mwaka 1936, wakati magari karibu yote yalikuwa ya gia za mkono na dereva aliyesimama mlimani alihitaji mguu wa tatu. Kwenye njia ya mafuta ya breki kuna vali, na ndani ya vali kuna gololi. Gari likielekea juu, gololi hubingirika nyuma kwa uzito wake na kukaa kwenye tundu. Ukiwa umekanyaga breki na klachi pamoja, unaweza kuondoa mguu kwenye breki. Shinikizo la mafuta haliwezi kurudi, gari limeshikwa. Vali imeunganishwa na pedali ya klachi, hivyo unapoiachia ili uondoke, gololi husukumwa na breki huachia. Hakuna umeme wala kompyuta. Jirani yangu mzee ana Studebaker yenye kifaa hicho, na alinifundishia kwenye mteremko wa nyumbani kwake. Nikatoa mguu kwenye breki, gari likatulia kama limefungwa kamba.

*“Kwenye Champion ya 1951 nimekuta waya wa chanya wa betri umefungwa kwenye bodi. Kuna aliyekosea?” – Fundi wa Kampala*

Hakuna, fundi mwenzangu. Hadi 1955 zilikuwa za volti 6 na chanya ndiyo iliyokwenda bodini. Volti 12 zilianza 1956. Usiibadilishe kwa mazoea, na usiiwashe kwa betri ya gari la kisasa.

*“Tunakuja Chicago likizo. Kuna cha kuona South Bend?” – Familia ya Muscat*

Kipo, na si mbali na Chicago kwa gari. Nendeni Studebaker National Museum. Mtaliona gari la farasi lililompeleka Rais Lincoln kwenye ukumbi wa Ford's Theatre usiku aliopigwa risasi, mwaka 1865. Familia ya Studebaker ililinunua baadaye. Studebaker ya mwisho kabisa, iliyotoka Hamilton mwaka 1966, imo humo pia.

Kisha endesheni magharibi kidogo hadi bustani ya Bendix Woods, palipokuwa uwanja wa majaribio wa kampuni. Mwaka 1938 palipandwa maelfu ya misonobari kwa mpangilio wa herufi, ikiandika STUDEBAKER kwa urefu wa karibu nusu maili. Mkisimama chini mtaona msitu tu, na watoto watauliza herufi ziko wapi. Zinasomeka kutoka kwenye ndege.