Muulize mteja alichokiweka kwenye kopo

Kila mwaka vijana wanaotoka Shule ya Sheria hunifuata na swali lilelile: nifanyeje nifike kwenye kesi kubwa za haki? Wengi huitaja ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, na nawaelewa. Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu binti aolewe kabla ya kutimiza miaka 18, vinakwenda kinyume na Katiba. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali. Isomeni, kisha mwisome tena. Ila mkiingia kazini kesho, jalada la kwanza mezani litakuwa la kiwanja, la mirathi au la matunzo ya mtoto, na mwenye jalada hilo atakuwa ametoka kwake alfajiri kwa miguu.

Nimeifanya kazi hii miaka 18, kwanza kwenye msaada wa kisheria mkoani Kagera, kisha kama mwanasheria wa halmashauri. Nimeona haki za watu zikipotea kwa njia nyingi, na njia iliyonisumbua zaidi ni ile ya siku ya kwanza kabisa, pale mteja anapoketi na wewe unaandika maelezo yake.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja mama mjane. Mumewe alikuwa amefariki miezi mitano nyuma, na shemeji zake walikuwa wamemwambia aache kibanja, yaani shamba la nyumbani la migomba na mibuni, arudi kwao. Hakuwa na Kiswahili cha kutosha, mimi sikuwa na Kihaya, kwa hiyo kijana aliyemsindikiza akatutafsiria. Nilimsikiliza kama dakika 20. Nikaandika kwamba kibanja ni cha marehemu na mjane anaomba kubaki. Wakati huo mawakili hatukuruhusiwa kusimama Mahakama ya Mwanzo, hivyo alikwenda peke yake na maelezo niliyomwandalia.

Alishindwa, na ukisoma kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963 utaona kwa nini. Zinasema mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kwa kuandika kwamba shamba lote ni la marehemu, nilikuwa nimewafungulia shemeji mlango kwa mkono wangu.

Aliporudi, alikuja na binti yake, na kopo la maziwa ya unga alilolifunga kwa kitenge. Ndani mlikuwa na stakabadhi za kahawa za chama cha msingi cha ushirika, na karatasi moja ya daftari iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo ikaanza kukatika. Ilikuwa hati ya mauziano. Sehemu ya chini ya kibanja, ile yenye mibuni, aliinunua yeye kwa jirani, kwa fedha yake, na jina lake lilikuwa pale pamoja na dole gumba na majina ya mashahidi watatu. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Binti akanijibu kwamba mama alisema, tena mara mbili. Kijana aliyetafsiri siku ile alikuwa wa ukoo wa mume.

Kupeleka ushahidi mpya kwenye rufaa kunahitaji kibali cha mahakama na sababu nzito. Tulikipata, na hatimaye sehemu yake ikarudi, lakini ilichukua miaka miwili, na katika muda huo migomba ilikatwa. Nilikwenda kuiona. Mama alipita kati ya visiki akivigusa kimoja kimoja bila kusema neno, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Tangu siku hiyo simruhusu ndugu yeyote atafsiri, hata akiwa mtoto wa kumzaa. Natafuta msaidizi wa kisheria wa eneo hilo, asiye wakili ila amefunzwa sheria za msingi; ni watu ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua rasmi, na mara nyingi wanaujua mgogoro kuliko wakili. Mteja akimaliza kusimulia, ninamsomea nilichoandika, polepole, hadi mwisho. Kisha namuuliza: nyumbani una kopo, sanduku, mkoba, au chochote unachowekea karatasi? Kalete chote. Usimwambie alete "vielelezo", maana hilo ni neno letu, na yeye atakuletea anachodhani wewe unakitaka.

Huko huko Kagera, wilayani Muleba, ilianzia kesi ambayo kila anayetaka kufanya kazi hii anapaswa kuijua hatua kwa hatua. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akafungua shauri akidai kwamba kwa mila mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi kijana, Mahakama ya Wilaya ikampa Holaria, na shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi na inapingana na Katiba, ambayo Haki za Binadamu zilikuwa zimeingizwa ndani yake mwaka 1984. Uamuzi unaofundishwa vyuo vikuu ulianza na mama mmoja na shamba lake kwenye Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Nyaraka za huko chini ndizo alizozisoma jaji kule juu. Zingekuwa zimeandikwa ovyo, angeamua juu ya nini?

Isomeni pia kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya mwaka 1983. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Wengi hawafiki kurasa za mwisho, ambako Bi Hawa mwenyewe alishindwa, kwa sababu mume alishampa mtaji wa biashara na mahakama ikaona aliutumia vibaya. Wanawake wengi wamepata haki kupitia jina lake, yeye akatoka mikono mitupu. Mimi hilo huniuma kila ninapolifundisha, na nataka liwaume na nyinyi, kwa sababu mteja wako ni mtu kabla hajawa kesi ya kunukuliwa.

Sasa kwa mtakaoajiriwa serikalini. Ipo siku utaombwa ushauri na mkuu wako ambaye ameshaamua anachotaka kusikia: kuvunja vibanda, kumwachisha kazi mama mjamzito, kuchukua eneo kabla fidia haijalipwa. Iliwahi kunikuta. Ushauri wa mdomo kwenye korido hauachi alama yoyote. Andika dokezo fupi, taja kifungu, weka tarehe, liingie kwenye jalada na lipewe namba ya folio, ile inayoonyesha nafasi yake ndani ya jalada. Andika kwa heshima, usimhutubie mtu. Ibara ya 13(1) ya Katiba inasema "watu wote ni sawa mbele ya sheria", na mwananchi wa kwanza kunufaika na maneno hayo huenda akawa yule ambaye shauri lake halikufika mahakamani kabisa, kwa kuwa mwanasheria wa halmashauri aliandika ukurasa mmoja mapema.

Tarehe za ukomo msiziweke kichwani. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30, na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne kuwasilisha orodha ya mali. Mimi nina daftari la ukomo linalokaa juu ya meza, na ninalifungua kabla ya simu.

Na mkishinda, msifunge jalada. Hukumu ambayo haijakaziwa, yaani haijatekelezwa, ni karatasi, na mjane hawezi kulima karatasi. Omba utekelezaji mapema. Siku ya kukabidhiwa shamba nenda mwenyewe, umwite mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa pande zote nne, mtembee mpaka mzima mkipanda mimea ya mipaka, kila jirani ataje kwa sauti anapopakana, na uandike majina yao palepale, mbele ya shemeji.