Glisando zinazokatika: kupanga "Muskrat Ramble" kwa tromboni nne

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha vijana wanne wa tromboni wa kiwango cha kati. Nimewapangia "Muskrat Ramble" ya Kid Ory katika skeli ya A-flati, kama ilivyo kwenye rekodi ya 1926. Wanapiga noti zilizoandikwa, lakini sauti za chini zinavuma tu, glisando (kuteleza mfululizo kutoka noti moja hadi nyingine) zinakatika, na wimbo mzima unasikika kama tenzi za kanisani. Nirekebishe wapi?

JIBU: Marahaba. Unasikika kama tenzi kwa sababu sauti zote nne zinatembea kwa mwendo mmoja. Isikilize tena rekodi hiyo ya kundi la Hot Five, iliyofanyika Chicago: korneti ya Louis Armstrong inabeba wimbo, klarineti ya Johnny Dodds inazunguka juu yake, na tromboni ya Ory inapita chini ikijaza pale korneti inapopumua. Kila mmoja ana kazi yake, na hapo ndipo raha yote ya muziki huu ilipo.

Basi tromboni ya kwanza ipe wimbo, ya tatu ipe kazi ya Ory. Ya pili ichukue nafasi ya klarineti, ila usinakili mbio zake, vijana hawatazifikia. Iandikie noti ndefu na majibu mafupi. Ya nne ipige mapigo ya kwanza na ya tatu. Kuhusu mvumo: chini ya C ya nafasi ya pili katika ufunguo wa besi, usiweke noti mbili zilizo karibu karibu. Acha oktava au noti ya tano.

Glisando ndizo zinazohitaji subira. Bomba la kuteleza lina pozisheni saba (mahali pa kulisimamisha), kila moja nusu toni, kwa hiyo mtelezo mmoja hauzidi nusu toni sita. Kwenye A-flati, bila shaka uliandika E-flati kupanda hadi A-flati. Noti zote mbili hizo mchezaji anazipiga pozisheni ya tatu, kwa midomo tu. Bomba halina pa kuteleza! Mwanafunzi hana kosa hapo.

Hamishia wimbo B-flati. Sasa mpando ule ule unakuwa F hadi B-flati: aanze F pozisheni ya sita, avute bomba hadi ya kwanza, mfululizo bila kukatika. Wengi huishika F pozisheni ya kwanza kwa mazoea, kwa hiyo andika namba 6 juu ya noti. Ukitaka B-flati hadi D ya juu yake, inawezekana pia, mradi B-flati ipigwe pozisheni ya tano. Oktava moja chini haiwezekani kabisa, usiiandike.

Kagua wimbo wa tromboni ya kwanza: ukipita F iliyo juu ya C ya kati, shusha wimbo wote hadi skeli ya F. Huko nako utapata C hadi F, sita hadi ya kwanza.