Feni inazunguka lakini skrini haina kitu: mazabodi baada ya kubadilishwa kapasita

SWALI

Fundi, assalaam alaykum. Niko Wete, Pemba, na nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi. Kompyuta yangu ya mezani, yenye prosesa ya soketi 775 (aina ya kiti inachokalia), ilianza kugoma asubuhi: ilinibidi kubonyeza mara tatu au nne ndipo iwake, na ikiwaka hukwama katikati ya kazi. Nilipoifungua nilikuta kapasita sita (vile vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji) zilizo karibu na prosesa zimevimba vichwa, na mbili zimetoa uchafu wa rangi ya kahawia. Zilikuwa za maikrofaradi 1500, volti 6.3. Kwenye duka la vipuri vya redio nilipata za 1500 lakini za volti 10, nikazibadilisha mwenyewe kwa chuma cha kulehemu cha wati 40. Moja ilinisumbua sana kutoka. Sasa nikibonyeza, feni inazunguka bila ya kusita na taa inawaka, lakini skrini haina kitu na sisikii mlio wowote. Je, tofauti ya volti ndiyo iliyoniharibia? Au nimeiua mazabodi, yaani bodi kuu? Na je, nibadilishe na kapasita nyengine zilizobaki?

JIBU

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nianze na lile linalokutia wasiwasi: volti 10 badala ya 6.3 haikuharibu kitu. Namba hiyo ni kikomo cha kile ambacho kapasita inaweza kuvumilia, si kiasi inachotoa, na pale karibu na prosesa yako volti inayopita ni kama 1.2 au 1.3 tu. Ungeweka ya kikomo kidogo kuliko volti ya mahali pale, hapo ungekuwa na la kujibu. Hata hivyo nakuomba usiibonyeze tena mpaka umalize ukaguzi nitakaoueleza, kwa sababu kapasita iliyowekwa kinyume haiharibiki lazima siku ya kwanza. Kwenye volti ndogo kama hiyo huvujisha umeme polepole, ikapata moto, na kupasuka baadaye.

Feni kuzunguka bila ya kusita ni habari njema, na inatusaidia kujua tutafute wapi. Pawasaplai nzuri ikikuta shoti kwenye njia ya volti 12 au ya volti 5 hujizima yenyewe, na wewe ungeona feni inajitikisa mara moja kisha inasimama. Kwako haisimami. Maana yake njia kubwa za umeme ziko salama kwa kiasi fulani, na tatizo liko mbele zaidi: ama prosesa haipati umeme wake mdogo, ama inaupata mchafu, ama inaupata vizuri lakini kitu kingine kinaizuia kuanza kazi.

Kabla ya kushika mita, tazama ile plagi ndogo ya mraba yenye nyaya mbili za njano na mbili nyeusi, inayochomekwa karibu na prosesa. Ndiyo inayopeleka volti 12 kwenye saketi inayoilisha prosesa. Isipochomekwa, mazabodi hufanya hivyo hivyo unavyoeleza: feni inazunguka, taa inawaka, skrini kimya. Mtu akitoa bodi na kuirudisha huikumbuka ile plagi kubwa akaisahau hii, na nimewahi kupokea kompyuta iliyosafirishwa kwa meli kutoka Mkoani hadi Unguja ambayo haikuwa na ugonjwa mwengine.

Ukishahakikisha hilo, toa bodi kwenye boksi lake na uangalie upande wa kila kapasita. Mstari uliochorwa ubavuni mwa kapasita unaonyesha mguu hasi. Kwenye bodi yenyewe kuna duara, na nusu yake imejazwa rangi. Kwa watengenezaji wengi nusu hiyo ni upande wa hasi, lakini wako waliofanya kinyume chake, kwa hiyo usiuamini mchoro peke yake. Weka mita kwenye sehemu ya mlio, ile inayolia nyaya zake zikigusana, gusa tundu la skrubu kwa waya mmoja na mguu wenye mstari kwa waya wa pili. Mguu hasi wa kila kapasita katika zile sita lazima ulie, kwa kuwa umeungana na ethi, yaani njia hasi ya pamoja ya bodi, kama lilivyo tundu la skrubu. Fanya kipimo hiki prosesa ikiwa imetolewa, maana ikiwa ndani, usugu kati ya chanya na ethi huwa mdogo mno, pengine omu chache tu au chini yake, na mita italia pande zote mbili ukadhani kuna shoti. Watu wengi wametupa bodi nzima kwa sababu ya kosa hili la kupima. Unapoitoa prosesa, funika soketi. Vijiti vya soketi ya 775 viko upande wa bodi na hupinda hata kwa kuguswa na kitambaa.

Sasa tuje kwenye ile moja iliyokusumbua kutoka. Mimi naishuku hiyo kuliko jambo jengine lolote katika barua yako.

Mazabodi si ubao wa redio. Ubao wa redio mara nyingi una shaba upande mmoja tu; mazabodi ina tabaka nne au zaidi zilizobanwa pamoja, na tundu la kila mguu lina bomba jembamba la shaba ndani yake linalounganisha tabaka hizo. Tabaka moja nzima ni ethi, bapa la shaba lililoenea bodi yote, nalo hunyonya joto la chuma chako kama mchanga unavyonyonya maji. Juu ya hayo, bodi nyingi zilizotengenezwa tangu sheria ya Umoja wa Ulaya ya tarehe 1 Julai 2006 ilipoanza kutumika zimelehemiwa kwa lehemu isiyo na risasi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 217 hivi, wakati ile ya zamani yenye risasi huyeyuka kwenye 183. Kwa hiyo chuma cha wati 40 chenye ncha nyembamba huyeyusha lehemu ya juu, wewe ukaona inang'aa, kumbe ya katikati ya tundu bado ni ngumu. Ukivuta hapo, mguu hutoka pamoja na lile bomba la shaba.

Nililijifunza hili kwa hasara katika miezi ile ya kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa bila ya umeme wa gridi na maduka yakaendeshwa kwa jenereta, na meza yangu ikajaa kompyuta. Bodi moja niliilehemu vizuri, nikaitazama kwenye mwanga, kila mguu una kilima chake cha lehemu kinachong'aa. Haikuwaka. Nikaipitia siku mbili. Mwishowe niliitoa tena kapasita moja, nikautazama mguu wake kwa lenzi: ulikuwa umezungukwa na pete nyembamba ya rangi ya shaba, mfano wa ganda la kitunguu. Ile pete ndiyo iliyokuwa njia ya umeme. Kile kilima kizuri nilichokiona kilikuwa kimeshika bodi upande wa chini tu, na hakikuungana na kitu chochote.

Namna ya kulipima ni hii. Kapasita zilizo upande wa kutokea wa saketi ya prosesa zimefungwa sambamba, yaani miguu yao chanya yote imeungana, na imeungana pia na miguu ya koili, zile zilizosukwa kwa waya mnene wa shaba, au vipande vyeusi vya mraba vilivyo pembeni yao. Prosesa ikiwa nje, weka waya mmoja wa mita kwenye mguu wa koili ulio upande wa prosesa, na waya wa pili kwenye ncha ya kila mguu chanya, chini ya bodi. Kila mmoja ulie. Ukiupata ambao haulii, au unaolia ukisukumwa na kunyamaza ukiachwa, umeshalipata tundu lililochanika. Kama kapasita mojawapo katika sita ilikuwa upande wa kuingilia umeme wa volti 12, haitalia na koili hizo, na hilo ni sawa. Lakini kama bodi ilikuwa na ya volti 6.3 mahali pote sita, basi zote ni za upande wa kutokea.

Usilitoboe tundu hilo kwa keekee, maana utakata na tabaka zilizobaki nzima. Chukua waya mnene uliofunikwa plastiki, ulehemu kutoka mguu huo hadi mguu chanya wa kapasita ya jirani au wa koili, na uwe mfupi kadiri unavyoweza. Waya mrefu huharibu kazi ya kapasita hiyo hata kama mita inalia. Kwa matundu yajayo, ongeza kwanza lehemu mpya yenye risasi juu ya ile ya zamani ili zichanganyike na kuyeyuka mapema, tumia chuma cha wati 60 au zaidi chenye ncha pana, na usivute mpaka mguu utoke wenyewe kwa uzito wa kapasita.

Kama matundu yote ni mazima, rudisha prosesa na kipoza joto chake, chomeka plagi zote mbili, uweke bodi juu ya kadibodi, kisha pima volti. Waya mweusi wa mita ufunge kwenye tundu la skrubu ili ufanye kazi kwa mkono mmoja, na ncha ya waya mwekundu uifunike kwa utepe ubaki uchi kidogo tu, kwani kuteleza mara moja kati ya miguu miwili kunatosha kuiunguza prosesa. Gusa mguu wa koili upande wa prosesa. Ukisoma kati ya 1.1 na 1.4, prosesa inapata chakula chake. Ukisoma sifuri, ama ile plagi ya njano haina umeme, ama saketi imejizima kwa sababu ya shoti upande wa kutokea, na kwa kazi mpya kama yako shoti hiyo aghalabu ni tone la lehemu lililounganisha miguu miwili. Usipime volti hii bila ya prosesa. Bodi nyingi za aina yako hazitoi umeme huo mpaka prosesa iseme inahitaji kiasi gani.

Liko jambo ambalo mita haitakuonyesha. Saketi ya prosesa huwasha na kuzima umeme mara laki kadhaa kwa sekunde, na kazi ya kapasita ni kulainisha mawimbi hayo. Inayofaa ni ile yenye usugu wa ndani mdogo sana, wa sehemu za elfu za omu, na inayovumilia nyuzi joto 105. Kapasita ya duka la redio inaweza kuwa na maikrofaradi zile zile 1500 lakini ikawa ya nyuzi 85 na usugu wake mara nyingi zaidi. Mita itakusomea volti 1.3 safi, kwa kuwa inasoma wastani, huku prosesa inapokea umeme unaopanda na kushuka. Soma ubavuni: ukiona 85, zitoe. Ukiona 105, tazama herufi za aina yake na ulinganishe na jedwali la mtengenezaji. Zikikosekana Pemba, dawa yangu ni kuzitoa kapasita za polima kwenye bodi mbovu, zile za kopo tupu lisilo na plastiki wala alama ya msalaba kichwani. Hazina maji ndani, hivyo hazikauki, na usugu wake ni mdogo. Za maikrofaradi 820 hufaa mahali pa 1500 kwenye umeme wa prosesa, ila nyingi ni za volti 2.5, basi zisiende kamwe kwenye njia ya volti 5 au 12.

Ukipata volti nzuri na skrini bado kimya, toa rami zote na uwashe, kispika kidogo cha bodi kikiwa kimechomekwa. Ikilia, prosesa iko hai na inasoma bayosi, ile programu ya bodi inayoianzisha kompyuta. Safisha meno ya rami, uirudishe moja peke yake. Isipolia, rejesha bayosi mwanzo kwa kile kiunganishi kilicho karibu na betri, na upime betri yenyewe; chini ya volti 2.7 ibadilishe. Uchafu wa kahawia uliouona usiuache: usugue kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili, pamoja na mabaki ya flaksi (dawa ya kulehemia), kwa sababu hewa yetu ya chumvi ikikutana na uchafu huo hula shaba.

Kuhusu kapasita zilizobaki, zile ndogo zisizovimba ziache. Badala yake nataka uiangalie pawasaplai, kwa maana kuwaka kwa kubonyeza mara tatu au nne ni dalili yake pia. Pima waya wa zambarau wa ile plagi kubwa wakati kompyuta imezimwa lakini iko kwenye umeme. Usome kati ya 4.75 na 5.25. Ukiwasha, waya wa kijivu unapaswa kupanda hadi karibu volti 5. Wa kijivu usipopanda, prosesa haitaanza hata bodi ikiwa nzima kabisa. Usiifungue pawasaplai yenyewe. Kapasita kubwa za ndani huweza kubaki na zaidi ya volti 300 baada ya kuchomolewa. Azima nyengine kwa jirani uijaribu.

Ukimaliza, niandikie volti uliyoisoma kwenye koili, kwenye waya wa zambarau na kwenye wa kijivu, pamoja na maandishi yote yaliyo ubavuni mwa kapasita ulizoweka, nami nitakueleza hatua inayofuata.