Kidonda cha mama hakiumi, ndiyo maana harakisheni

Pole dada, na mama mpe pole. Umesema mama ana kisukari, kidonda kiko chini ya dole gumba la mguu, kina wiki tatu, hakimuumi, na jirani kawashauri maji ya moto yenye chumvi. Hapo kwenye kutouma ndipo penye hatari: kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, hayo maji yatamuunguza na hatajua. Acheni. Na spiriti pia, na ule mtindo wa kupasua kapsuli na kumwagia unga kidondani.

Kesho asubuhi mpelekeni kliniki ya kisukari. Wakisema wanaondoa nyama iliyokufa, msikimbie. Huko siko kukatwa mguu, ndiko kuuokoa. Ulizeni kama damu inafika vizuri mguuni, na kama anahitaji eksirei kuona mfupa umeguswa. Sukari nayo ishuke. Ila wengi husahau hili: akiendelea kukikanyaga, dawa yoyote ni kazi bure. Aombe kiatu maalumu au magongo.

Mkiona weusi, harufu, wekundu unaopanda au homa, msingoje kesho. Hospitali leo hii, hata usiku.